Nilimufungia Masika Njia na Griyaje ya Kuku

Nilisikia! Njo neno yenye inanikaba. Batu bote banazani sikusikia, mais nilisikia!

Nilimufungia jirani yangu njia ya kukimbilia, juu ya kuku. Jina yangu musiweke. Na majina yote ya hapa nimeyageuza.

Niko mama wa miaka makumi ine na kitu, mutu wa kusali. Kusoma nilijifunza mangaribi, ku masomo ya bamama. Tulikaaka kiti moja na Masika, mwenye parsele, kiwanja ya nyuma yangu. Yeye njo alinionyesha namna ya kushika kalamu.

Wakati ya vita, siye batu ba mutaa ya Mulekera tuliachaka tundu mu lupangu, mu uzio ya nyuma ya nyumba. Masasi ikilia, haupitie ku barabara. Unapita kwa jirani, jirani naye anapita kwa mwingine, mupaka mu mashamba. Njia ya Masika ilipitaka kwangu.

Mais mu ile tundu mbwa nazo zilikuwa zinapita. Zikanikulia kuku moja moja, na ile kuku njo zilikuwa zinalipa masomo ya batoto. Nikauza maharagi yangu, nikanunua griyaje, wavu ya waya. Nikazungusha kibanda yote ya kuku, mupaka ku lupangu. Chini nikaizika mu udongo, nikapanga mawe juu. Pale ku tundu nikapotosha waya na pinsi, koleo ya kukatia waya, nikakaza, nikakaza tena, mupaka hata kidole haipite. Nilifurahi weee!

Masika akatokea ngambo yake na mama yake, koko Anna, bibi muzee wa kutembea na fimbo.

"Eh, mama Kahindo! Sasa siku ya masasi koko ataruka kama kuku?"

"Hata kuku haiwezi kuruka hapa! Umeona kazi?"

"Nasema kweli, dada. Acha hata kamulango."

"Utaita tu. Niko hapa, nitakuja na pinsi nifungue."

Koko akacheka. "Basi usiende mbali na ile pinsi, mutoto wangu."

Kamulango ilikuwa kazi kidogo tu! Nikasema nitaifanya kesho. Kisha kesho tena.

Siku moja masasi ikaanza asubui, niko navaa kwa kuenda misa. Nikakamata batoto mukono. Mbele ya kutoka nikafungulia kuku mulango yao ya mbele, eti zisikufe na njaa. Kuku! Nilikumbuka kuku!

Njo nikasikia griyaje inatikisika.

"Mama Kahindo! Fungua! Tuko hapa! Mama Kahindo!"

Pinsi ilikuwa inatundikwa ndani ya nyumba, karibu kabisa. Nikaangalia batoto yangu. Nikakimbia.

Masika alivuta ile waya na mikono, ikamushinda. Donc bakapitia barabara. Koko Anna hakufika mbali. Risasi ilimukuta mu mugongo.

Tulimuzika tukisha kurudia. Na kuku zangu, hakuna yenye ilipotea! Hata moja!

Ku matanga Masika akanikumbatia, mikono yake imefungwa na bitambaa. "Usilie, dada. Najua ulikuwa umesha kimbia. Haukusikia." Nikanyamaza. Na rozari iko mu mukono yangu, nikanyamaza!

Ee Mungu wangu! Ku misa, padri akisema tupeane amani, Masika ananipa mukono. Mu kiganja yake nasikia alama ya ile waya. Kila siku ya Mungu, ananipa ule mukono.

Niliungama. Padri akaniambia: "Mungu amesikia, mama. Sasa Masika naye asikie." Nikaenda kwake. Alinipa kiti, akaniuliza: "Unatafuta nini, dada?" Nikasema natafuta chumvi. Siku ingine nikaenda tena. Chumvi tena!

Nyiye munafunga griyaje, munisikie! Kazeni ngambo zote, mais pale batu banapitiaka muweke ndoano yenye mutoto anaweza kufungua na mukono moja. Muifanye ile siku, hapana kesho. Na kama umesha kumuambia mutu "utaita tu", ujue ataita. Ataita kweli!

Nikimaliza kuandika hii, naenda kwa Masika. Mbele ya kuandika nimepita ku soko, nimenunua chumvi mingi. Leo akiniuliza natafuta nini, sitasema tena chumvi. Chumvi niko nayo.