Kogo na Penseli ya Memsahib

Mwezi uliopita mjukuu wangu alinipeleka kuiona nyumba kubwa ya shamba la chai nilikokulia, upande wa Kericho unaoelekea Bomet. Sikumwomba. Yeye ndiye anayependa mambo ya zamani, nadhani kwa sababu hayakumuuma. Nyumba sasa ni ofisi, na sebuleni ukuta umepakwa rangi juu ya rangi. Lakini juu ya mahali pa kuotea moto, ukiinamisha kichwa kidogo, nyoka aliowachora memsahib bado wanaonekana chini ya chokaa, kila mmoja amemuuma mwenzake mkia. Karani alidhani ni ufa. Nilicheka mpaka mjukuu akaniuliza kama naumwa.

Basi rafiki yangu, huyo memsahib alikuwa mke wa meneja, na hakuwa na mtoto wala kazi. Mtu wa namna hiyo hujitafutia kazi, na wengine ndio tunaoifanya. Baba alikuwa mpishi wake, Mkisii aliyeacha migomba ya kwao akafuata mshahara. Mama alikufa wiki aliyonizaa, wakati kambi nzima ya wafanyakazi haikuwa na mwanamke anayenyonyesha. Aliyeniokoa ni jirani yetu ng'ambo ya kijito, bibi wa Kikipsigis, tuliyemwita kogo kama wajukuu wake walivyomwita. Alininywesha maziwa ya ng'ombe wake, na nilipoota meno akanipa mursik, yale maziwa ya kibuyu yenye ladha ya mkaa. Mpaka leo maziwa ya dukani naona ni maji yaliyooshewa kikombe. Akitaka kunibariki alinitemea mate kifuani, fuu, halafu akanisukuma nikachunge ndama.

Mume wake, tuliyemwita kugo, yaani babu, alikuwa wa ukoo wa maorkoiyot, wale waonaji ambao watu waliwaendea kuuliza habari za mvua na vita. Serikali iliwaogopa kuliko simba. Sisi watoto tulimwogopa pia, lakini alikuwa na asali, na asali humaliza woga haraka. Bwana meneja alimwacha akae pale pembeni ya shamba kwa sababu hakuna aliyejua kutunza ng'ombe kama yeye.

Alasiri, mvua ya mawe ikipiga mabati na harufu ya majani mabichi yanayonyauka ikitoka kiwandani, memsahib alitukusanya barazani, watoto wa jikoni na wa bustani. Alitufundisha kuchora mafundo ya kwao: kamba inayopita juu, inapita chini, inajizungusha mpaka huoni ilikoanza. Tulichora kwa makaa kwenye mbao za masanduku ya chai, tukachoma ngozi kwa msumari wa moto, tukapaka rangi. Kamba ikikosea njia mahali pamoja, alivunja ubao wote kwa goti lake, taratibu, akitabasamu, akakupa mwingine. Aliyemaliza bila kosa alipata mkate wenye jamu. Nilijifunza haraka sana.

Halafu alisoma. Alikuwa na vitabu vikubwa vyenye majani ya dhahabu kwenye jalada, na alitutafsiria kwa Kiswahili chake cha jikoni. "Mimi hapana Mwingereza," alisema kila mara. "Mimi mtu ya Ayalandi." Hadithi aliyoipenda kupita zote ilikuwa ya mzee mwenye fimbo aliyeita ukungu uwafiche watu wake. Wageni walipokuja na mapanga, ukungu haukutosha. Wakakata miti yake, wakamfukuza mzee kwenye mawe matupu kando ya bahari akafa huko. Akifika hapo memsahib alilia. Simsingizii, alilia machozi ya kweli mpaka baba akamletea kitambaa.

Siku moja akaamua kumchora mzee wake wa ukungu, akamtaka kugo awe mfano. Kugo akaja na fimbo yake na vazi lake la ngozi ya nyani, akakaa barazani alasiri nyingi. Wakati huo habari zilikuwa zimeenea kwamba ukoo wake wote utahamishwa, upelekwe chini ziwani, kwenye mbung'o na homa. Kogo alikuwa amevimba miguu, hata kijito hakuweza tena kuvuka. Siku ya mwisho ya kuchorwa kwa mumewe akabebwa mgongoni na mwanawe mpaka barazani, na baba akatafsiri ombi lake.

"Memsahib, mama anasema yeye hataki kitu. Anaomba tu askari wakija, wewe useme neno moja kwa bwana, wazee hawa wawili waachwe wafie hapa."

"Hapana ogopa, mama," memsahib alisema, hata brashi hakuiweka chini. "Mimi tasema na bwana."

Kogo akamshika mikono akaitemea mate ya baraka. Memsahib aligutuka kidogo, akajifuta kwa aproni ya baba.

Nikaenda kulala nimetulia. Memsahib amesema. Baba peke yake hakufurahi. "Mwenye nguvu mpishe," aliniambia, msemo wake wa kila shida, na sikuuelewa.

Malori yalikuja asubuhi ya manyunyu. Askari wakawatoa wote ng'ambo ya kijito na kuwakalisha kando ya barabara, kogo juu ya ngozi yake ya kulalia kwa sababu miguu ilikataa. Nilikuwa pale na baba. Ndipo nikamwona memsahib anakuja mbio kutoka nyumbani, koti la mvua halijafungwa, ameshika kitabu chake cha karatasi nyeupe. "Ngoja!" alipiga kelele. Askari wakasimama wima. Nakuambia moyo wangu ulipiga vigelegele.

Kogo akang'oa nyasi kando yake, akaziinua juu kwa mikono miwili. Kwa Wakipsigis mtu akikuinulia nyasi anaomba rehema, na hata adui hushusha mkuki. Memsahib akasimama, akamtazama.

"Mzuri sana," akasema. "Mama, kaa hivyo. Hivyo hivyo."

Akafungua kitabu akaanza kuchora.

Sisi watu wa kambi tulijua neno la serikali huwa kwenye karatasi. Kogo alijua hivyo pia. Alimwona mzungu akiandika, askari wakingoja, na uso wake ukafunguka. Mikono hakuishusha. Mimi nilikuwa nalia kwa sababu nilikuwa nimeona kilichokuwa kwenye karatasi: mikono, nyasi, mikunjo ya shingo.

"Usilie, mtoto yangu," kogo akaniambia kwa Kiswahili chake kidogo. "Si unaona? Anaantika."

Baba aliona pia karatasi ile. Alitazama viatu vyake.

Memsahib akamaliza, akaomba fimbo na vazi la ngozi, maana hizo hakuwa amezipaka rangi bado kwenye picha ya mzee wake. Kugo akampa. "Asante sana," akasema, na kwa askari, "Haya." Kogo alipopandishwa lori mikono yake ilikuwa bado juu.

Picha ilitundikwa sebuleni, mzee wa ukungu amevaa vazi la kugo lakini ana uso wa kogo na mikono yake iliyoinua nyasi, na fimbo chini yake, na wageni waliisifu sana. Wiki hiyo hiyo memsahib alituita barazani akatusomea tena ya mzee wa ukungu. Alilia palepale pa siku zote. Nikamuuliza kwa nini anamlilia yule na huyu wetu amemwacha apakiwe kwenye lori.

"Ile hadithi, toto," alisema kwa upole kabisa. "Hii shauri ya serikali."

Akanipa mkate. Nikaula wote, nilikuwa na njaa.

Kogo hakumaliza mwaka kule ziwani. Kaburi lake silijui, na waliolijua wamekufa. Memsahib alirudi kwao na picha yake, na pengine hata sasa kuna sebule ya ng'ambo ambamo watu wanaukodolea macho uso wa aliyenilea, wakisema ni mchawi wa kale wa Ayalandi. Boma lao lilipandwa chai msimu uliofuata. Mjukuu alinionyesha mahali pale, kijani kitupu mpaka kijitoni, akasema kwa kweli pamependeza. Na chai yake ni tamu, siwezi kukataa. Nimeinywa maisha yangu yote.