Majani Yasiyofukiwa

Siku moja naikumbuka kuliko zote, mwanangu, na leo nitakusimulia, maana nimesikia jumuiya yenu mmepanga kwenda kumwonya mke wa Bonifasi kwa kuwa haonekani tena kanisani. Na wewe ndiye mwenyekiti wao. Keti kwanza. Hao wenzako watasubiri.

Nilikuwa nimeolewa karibuni. Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kupanda hadi huku vijijini, ushirika umelegea, na kila kijana anataka kuwa mfanyabiashara. Mume wangu naye hakubaki nyuma. Alifyeka shamba letu la mteremkoni, akayalaza majani kwa miraba kama tunavyotengeneza ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia mteremkoni, kisha akateremka ziwani, Mbamba Bay, na magunia ya mahindi ili arudi na dagaa. Kuchimba mashimo na kuyafukia majani yale kwa udongo ni kazi ya mwanamke, unajua mwenyewe. Mimi sikuyafukia.

Na mteremko wetu haufichi kitu. Watu wa ng'ambo ya bonde waliona miraba yangu inakauka, huku wenzangu wameshapanda maharage. Wakasema mke wa mchuuzi anaringa, jembe limemshinda, anangoja kula vya dukani. Waliniona na gauni jipya pia. Lilikuwa la mtumba, lakini nani aliniuliza?

Kumbe nilikuwa na mimba changa, ya kwanza, niliyoijua mume wangu akiwa ameshaondoka. Damu ilianza kunitoka kidogo kidogo, na mganga wa zahanati akanikataza kushika jembe. Kwetu mimba changa haitangazwi. Niliogopa hata kuitaja.

Jumamosi jumuiya ikaja kusali kwangu. Nilifurahi, nikatandika mkeka. Baada ya rozari akasimama Mama Generosa, mwenyekiti wetu, akaomba kwa sauti mbele ya wote.

"Bwana, mwondolee dada yetu huyu roho ya uvivu, asiiaibishe jumuiya yako."

Wote wakaitikia, wanaume kwa wanawake. Ningesema nini juu ya damu yangu mbele ya wanaume wale?

Jumatatu alfajiri nikachukua jembe. Nilichimba kwa aibu na kwa hasira, shimo baada ya shimo, mpaka jua likawa kali. Mimba ilitoka hukohuko shambani.

Mume wangu alikuwa bado hajarudi, kwa hiyo mama mkwe alikuja kutoka Mpepai kuniuguza. Nikamwambia nikipona tu, Jumapili nitasimama kanisani nimtaje Mama Generosa kwa jina, watu wote wajue ameua. Alikuwa ananinywesha uji. Akaweka bakuli chini.

"Mwambie, ni haki yako," akasema. "Lakini Bwana hakutuagiza tuanzie kanisani. Alisema uende kwanza, wewe na yeye tu. Wao walianzia mwisho, na wewe unataka kuanzia hapohapo?"

Nilimchukia siku ile, Mungu anisamehe. Lakini nilipopata nguvu nilikwenda, peke yangu. Nilimkuta Mama Generosa anaanika kahawa. Nikamweleza yote kwa maneno machache, bila kupandisha sauti. Aliketi chini palepale, akalia polepole, kahawa ikiwa bado mikononi.

Kesho yake nilimwona shambani kwangu, anafukia majani yaliyobaki. Alilimaliza shamba lote na hakuingia ndani hata kuomba maji. Nilimsamehe, mwanangu, na nilimaanisha. Ila kucheka pamoja hatukucheka tena, mpaka tulipomzika.

Usidhani nasema watu wasionywe. Anayekuacha upotee huku anakuona, huyo hakupendi. Lakini hukumu ni ya Mungu, kwa kuwa yeye anaona ndani ya nyumba. Sisi tunaona mteremko tu. Mke wa Bonifasi kwa nini haji kanisani, mimi sijui, na wewe hujui.

Basi waambie wenzako wasiende. Nenda wewe, leo, peke yako. Njiani kumbuka makosa yako mwenyewe; kutoka hapa kwangu hadi kwake si karibu, lakini yatakutosha njia nzima. Ukifika mwulize ameamkaje, kisha unyamaze mpaka akujibu kweli. Kama amekosa, mwambie kwa upole, yaishie kwenu wawili. Na uende na jembe, kwa sababu huenda anachohitaji ni mtu wa kumlimia.

Vijana wote wa hapa nawaita wanangu, mmeshazoea. Wa tumboni mwangu alikuwa yule mmoja. Mungu aulinde ulimi wako, akujalie watoto uwaone wakikua, na akufikishe kwa mke wa Bonifasi kabla maneno ya watu hayajamfikia. Haya, jembe langu liko nyuma ya mlango. Lichukue.