Mtoto Aliyechoshwa na Chakula

Miaka michache baada ya uhuru masera, watawa wa misheni, walinifundisha kupima damu, nikaajiriwa katika maabara ya hospitali moja ya Bujumbura. Nilitafuta malaria na minyoo kwa hadubini, na niliipenda kazi hiyo kwa sababu karibu kila nilichokiona pale kilikuwa na dawa yake kabatini. Niliishi mtaa wa Cibitoke peke yangu, mwanamke bila mume, jambo ambalo majirani hawakunisamehe. Mdogo wangu alikuwa ameolewa na mwashi kutoka Uvira, wakakaa Buterere, katika nyumba ya udongo iliyopakana na mashamba ya mpunga. Huko ndiko walikopata mtoto wao wa kwanza, wa kike.

Alikuwa mtoto mzuri, mwenye macho makubwa. Lakini miezi sita ikapita na shingo yake ilikuwa bado inalegea kama ya mtoto wa jana. Asubuhi moja mdogo wangu akanijia kazini, miguu imejaa matope hadi magotini, mtoto mgongoni.

“Yaya, musikilize,” akaniambia mimi dada yake mkubwa. “Anapumua kama mutu alikimbia.”

Nilipima damu. Haikuwa na malaria. Nikapima tena, maana nilitaka iwepo. Mganga wa zamu akasikiliza mapafu, akasema ni safi, akampa penisilini kwa tahadhari tu. Mimi, kwa kuwa nilikuwa mkubwa na nilivaa koti jeupe, nikaongeza ushauri wangu.

“Uji wako ni mwepesi mno. Ufanye muzito, utie sukari mingi. Mutoto hana nguvu, sukari ndiyo nguvu.”

Mdogo wangu alinitii. Mumewe alikuwa akileta sukari kila Jumamosi na kuificha juu ya kabati ili watoto wa jirani wasiione. Kila baada ya kula, mtoto alilegea zaidi. Nilipowatembelea nilimkuta amelala mkekani, mianzi ya pua ikipanuka na kusinyaa, mabaki ya uji yamekauka kidevuni.

Mara ya tatu walipomleta hospitali hakuwa akifumbua macho. Tulimtundikia serumu, dripu ya maji ya sukari, kama tulivyomfanyia kila mtoto aliyeishiwa nguvu. Ilipofika saa sita mchana alikuwa na hali mbaya kuliko alivyoingia. Hapo ndipo daktari mmoja Mzungu, mzee, mtu wa maneno machache, alipoamuru serumu ile itolewe na damu ipimwe asidi. Niliifanya kazi hiyo mwenyewe. Jibu lilipotoka nilidhani nimekosea, nikarudia. Damu ya mtoto yule ilikuwa na asidi kama ya mtu aliyekimbia kutwa nzima bila kupumzika, na yeye hajawahi hata kutambaa.

Daktari alipeleka damu kwao Ulaya, kwa ndege, katika chupa iliyozungushiwa barafu. Serumu ilipotolewa mtoto alizinduka, akarudishwa Buterere, nasi tukasubiri miezi. Barua ilipofika aliniita ofisini, akanieleza kwa Kifaransa, polepole, akichora nyuma ya karatasi ya maabara.

Ndani ya kila chembe ya mwili, alisema, kuna vijumba vidogo ambamo chakula huunguzwa kikawa nguvu. Wanga na sukari haviingii humo mpaka kimeng'enya kimoja kivipitishe. Na kimeng'enya hicho nacho kina msimamizi wake: mtu akishinda na njaa hukifunga, ili sukari kidogo iliyobaki isipotee, mtu akila hukifungua. Kwa mtoto huyu hakifunguki. Chakula kinafika, kinakosa njia, kinarundikana, kinageuka asidi.

“Kwa hiyo sukari?” nikauliza.

Aliweka kalamu chini. “Sukari inamwumiza,” akasema. “Hatukujua.”

Alisema hatukujua. Mimi nilisikia hukujua.

Dawa haikuwepo. Alitushauri tupunguze wanga, tumlishe mafuta, tumchome sindano za vitamini, tuone. Nilikwenda Buterere siku hiyohiyo. Mdogo wangu alikuwa akipepeta mchele mlangoni. Nikamweleza yote, na nikamwambia kwamba sukari ilikuwa neno langu mimi.

Hakuacha kupepeta. “Mama mukwe anasema nimelogwa,” akasema. “Afazali ingekuwa kweli. Mulozi unaweza kumuomba.”

“Unisamehe.”

“Sasa nimupe nini? Hapa tuko na muchele, tuko na muhogo. Niambie, nimupe nini?”

Tulimpa mawese, tulimpa ndagala, dagaa wa ziwani, waliosagwa, na siagi niliyoinunua mjini. Kwa majuma kadhaa pumzi ilitulia. Siku moja aliinua kichwa kumtazama baba yake aliyekuwa akiimba huku akinawa saruji mikononi, na yule mwashi akaacha kuimba, akaogopa hata kusogea. Nilijiruhusu kutumaini. Kisha mvua zikaja, maji yakaingia nyumbani, mtoto akashikwa na homa, akakataa kula, na asidi ikarudi. Tulimrudisha hospitali, akafa siku ya tatu, mikononi mwa mama yake, mchana, wagonjwa wengine wakipokea chakula chao.

Mwaka uliofuata daktari mzee alirudi kwao kwa kustaafu. Mdogo wangu alikuwa na mimba. Kabla daktari hajaondoka nilimuuliza kama mtoto huyu naye ataugua. Akasema anaweza kuugua, anaweza kuwa mzima, na hakuna mtu duniani awezaye kumwangalia akiwa bado tumboni.

Alizaliwa msichana mwingine, mnene, mwenye sauti kali. Wodi nzima ilicheka alivyolia. Mwashi alishonesha shati jipya. Siku ya pili nilimchoma kisigino, nikabeba damu yake maabara bila kumwambia mtu ninapima nini. Nilifunga mlango. Nilipima mara moja, halafu mara ya pili, halafu nikaosha vyombo vyote na kupima ya tatu, na jibu lilikuwa lilelile la dada yake.

Nilikaa pale hadi mwenzangu akagonga. Nilipofika wodini mdogo wangu alikuwa ameketi kitandani, kifungo cha blauzi kimefunguliwa, mtoto akitafuta ziwa kwa mdomo. Alinitazama usoni, akateremsha macho kwenye karatasi niliyoishika.

“Apana, yaya,” akasema taratibu. “Muache anyonye kwanza. Akimaliza, utasema.”

Nikavuta kiti, nikakaa kando yao.