Maji ya Rais Mpya

Juzi nilikuwa Bukavu, nimefikia kwa rafiki huko Nyawera. Asubuhi nilipokuwa nikipiga mswaki, bomba likaanza kukohoa hewa kabla ya kutema maji. Rafiki akashangaa kunikuta nacheka peke yangu, povu mdomoni. Ngoja nikuambie nilichokumbuka.

Mwaka alipoapishwa rais mpya nilikuwa na miaka kumi, naishi na bibi yangu mtaa wa Kadutu, hapo hapo Bukavu, kwenye mteremko ambao mvua ikianza kila nyumba hushika roho mkononi. Uani kwetu palikuwa na bomba, robine kama tunavyosema sisi, lakini lilikuwa pambo tu. Bibi alianika matambara juu yake. Maji tulichota chemchemi, bondeni kabisa, kwa madumu tunayoyaita bidoni. Mimi nabeba bidoni ndogo, yeye kubwa mgongoni, kamba imemkaza kwenye paji la uso, na tukipanda aliguna kwa namna iliyoniumiza kuliko mzigo wangu. Nilitaka aache kubeba. Sikuwa na ombi lingine duniani.

Siku ya kuapishwa tulijazana kwa jirani yetu fundi viatu, mwenye televisheni. Rais alitaja barabara, akataja shule, umeme, maji. Mimi nilisikia maji tu. Nilirudi mbio nikamwambia bibi, aliyekuwa akichambua mboga za lenga-lenga, kwamba asinunue tena kamba nyingine ya bidoni. Hakuinua hata macho.

"Baprezida nimeshaona mingi, mutoto yangu. Mugongo yangu ni ile ile."

Hakunivunja moyo hata kidogo. Niliwaza kwamba maji yangeweza kuja tukiwa hatupo, yakute bomba limefungwa, yakasirike yaende kwa wengine. Basi nikawa nalifungua kila tukitoka, na chini yake naweka beseni. Fundi viatu alipoona akaniita waziri wa maji, na mtaa mzima ukamfuata. Salamu hiyo niliipokea kwa uzito wote wa cheo.

Jumapili moja tulikuwa tunarudi kutoka misa, nyimbo bado zimetukaa mdomoni, tukasikia kelele za watu. Uani kwetu kulikuwa kumefurika. Beseni linaelea, mihogo ambayo bibi aliianika kwa ajili ya unga wa fufu, ugali wetu, inateremka na mtaro, na majirani wamejipanga na bidoni, sufuria, ndoo, chochote chenye tumbo.

"Ni nani alifungula robine?" bibi akauliza, ingawa alijua vizuri.

Nilijibanza nyuma ya kitenge chake. Aliitazama mihogo yake ikienda, akayatazama maji. Kisha akavua viatu vya misa, akaingia, akaosha uso, shingo na mikono, taratibu, bila kumjali yeyote. Jioni tulikula sambaza, dagaa wa ziwani, na fufu tuliyoomba kwa fundi viatu, na nilijiona mtu mwenye bahati kuliko watoto wote wa Bukavu.

Maji yalikaa siku chache, yakaondoka. Masihara yakaanza papo hapo: waziri amefukuzwa kazi. Nililia kwa hasira. Bibi akatoka mlangoni, na sauti yake ikafika mpaka barabarani.

"Munamuchekea nini? Ye aliamini, maji ikakuya. Nyinyi mulikuwa munaamini nini?"

Kesho yake tulishika bidoni zetu kama kawaida, lakini kabla hatujashuka bondeni nilimwona akienda mwenyewe kulifungua bomba. Hakuniangalia, akachukua bidoni yake tukashuka.

Leo bibi amelala kijijini kwao Katana, kaburini, na mvua moja kubwa iliuchukua ule mteremko pamoja na nyumba yetu. Mimi ni mtu mzima, nimepiga kura, nawasikiliza viongozi nikipima kila neno. Bado naamini nchi hii itakaa sawa, na hilo hanitoi mtu kichwani. Ninachokosa ni kingine. Sikuwahi kumuuliza bibi, asubuhi ile alipofungua bomba, kama alikuwa amemwamini rais au ameniamini mimi. Kadiri ninavyokua naona alikuwa ameniamini mimi, na tangu aondoke sijapata mwingine wa kuniamini hivyo.