Nishani ya Mwosha Maiti

Bi Shamsia, Mzanzibari muuza viatu katika soko la Zhanxi, ndiye aliyewaosha wanawake wa Kiislamu waliofia Guangzhou, China. Mwaka tisini na nane jimbo likaamua kumpa nishani kwa wema wake.

Asubuhi ya sherehe, Bi Shamsia keshavaa buibui jipya, jirani yake Maulid akaja analia. Mkewe, Dalila, kafa kwa homa usiku ule. Dalila huyo ndiye pekee aliyekubali kufundishwa kuosha maiti.

"Lakini kapokee kwanza, Bi Shamsia," alisema Maulid. "Gari linakungoja chini."

"Nishani itangoja, mwanangu. Maiti hangoji."

Akavua buibui, akafuatana naye hadi kwake, akamwosha Dalila taratibu, upande wa kulia kwanza, kama alivyomfundisha. Alipokwisha kumvika sanda ndipo machozi yakamtoka.

"Nilimfundisha ili aje anioshe mimi," alisema. "Sasa ataniosha nani?"