Treni Haikuwa Imejaa

Kosa langu, mwanangu Saumu, lilikuwa la maneno mawili tu. Nilisema treni imejaa. Haikuwa imejaa. Sikuwa hata nimeuliza.

Najua utacheka ukiona nakuita mwanangu. Mimi nina miaka thelathini na moja, wewe ishirini na mbili, na tumewahi kugombania baiskeli moja pale Makurunge mpaka tukaanguka nayo sote. Lakini baba yako ni kaka yangu mkubwa, kwa hiyo mimi ni baba yako mdogo, na baba mdogo ana haki ya kutoa nasaha hata kama ndevu zake hazijakamilika. Jana uliniambia barua ya kuomba kazi umeiandika mara sita na hujaipeleka, kwa sababu kila ukiisoma unaona kuna neno halijakaa sawa. Nikajiona mwenyewe. Hii nayo ningeweza kuiandika mara sita. Naiandika mara moja, na ukikuta kosa, liache hapo hapo.

Kazi yangu unaijua. Ufundi wa kutengeneza cherehani sikufundishwa na mtu. Niliifungua ya mama nikiwa na miaka kumi na minne, nikaifunga tena, na skrubu moja ikanibakia mkononi. Ile cherehani iliendelea kushona kama kawaida, lakini mimi tangu siku hiyo nimeishi na hofu ya ile skrubu. Mtu aliyejifunza peke yake hana wa kumwambia "hapo basi, inatosha." Cherehani ikiletwa inaruka nyuzi, nilikuwa naiponya kwa siku moja, kisha nakaa nayo wiki tatu nikiisikiliza. Mama mmoja wa Mlingotini aliniletea yake Ramadhani inaanza, akaichukua Idi imekwishapita. Hakunitukana. Aliifuta vumbi kwa ncha ya khanga, akasema, "Imependeza, fundi. Sasa nimshonee nani?"

Hilo lingetosha kunifundisha. Halikunifundisha. Alinifundisha Mama Mkubwa.

Wewe unamjua kama bibi yako mstaafu, mwenye chupa ya chai na redio. Lakini alipokuwa msichana, kabla hajahamishiwa kazi za ofisini, Mama Mkubwa alikuwa opereta wa simu hapa Bagamoyo. Zama hizo hukupiga simu ukampata mtu moja kwa moja. Ulimwambia opereta unataka kuongea na Tabora. Yeye akachomeka waya kwenye bodi, akaita Dar, Dar wakaita mbele, na huko mwisho wa nchi opereta wa Tabora akaitika. Wao kwa wao waliitana kwa majina ya miji.

"Tabora, unanipata?"

"Bagamoyo, nakupata."

Tabora alikuwa binti mmoja aitwaye Mwajuma. Kwa miaka tisa waliongea karibu kila siku, katikati ya mazungumzo ya watu wengine, wakisubiri laini. Walishauriana mambo ya uchumba, walipeana habari za uzazi, walifundishana mapishi. Hawakuwahi kuonana. Kisha mitambo mipya ikaja, wakatawanywa, na barua aliyomwandikia kwa anwani ya ofisi ikarudi. Mama Mkubwa akaolewa, akafiwa na mume, akastaafu. Siku treni ya umeme ilipoanza kwenda Dodoma aliniita akaniambia, "Mwanangu, nataka kwenda Tabora kumtafuta Mwajuma. Nitashuka Morogoro, nitashuka Dodoma, niione nchi niliyokuwa naiita kwa waya. Wewe unajua mambo ya tiketi za kwenye simu. Nipangie."

Nikanunua kauntabuku.

Nilitaka safari isiyo na dosari. Niliandika kwa kalamu za rangi tatu: wapi atalala, wapi atakula, akikosa hapo ataenda wapi. Nikamtafuta Mwajuma kwenye mitandao. Nikapata akina Mwajuma wa Tabora wengi kuliko watu wote wa Bagamoyo. Nikasema hatuendi mpaka nimpate kwanza, mzee wa watu asisafiri bure. Daftari likifika ukurasa wa ishirini naona mwandiko umechafuka, nanakili upya. Ilipita miezi, ukapita mwaka, ukaingia wa pili. Kila Mama Mkubwa akiuliza, nilimjibu, "Treni imejaa, Mama Mkubwa." Alikuwa anatikisa kichwa kwa heshima, kama mtu anayewahurumia hao waliojazana huko.

Siku moja nakumbuka nilikuwa kwenye baraza langu la kazi, na mteja mmoja akawa anasimulia safari yake ya Dodoma ya Ijumaa iliyopita. "Raha tupu," akasema. "Behewa zima tulikuwa kama watu kumi. Nimenyoosha miguu mpaka Morogoro."

Ijumaa ile ile nilikuwa nimesema imejaa. Pazia la mlango wa nyumbani likasogea: Mama Mkubwa alikuwa nyuma yake, amesikia yote.

Mama Mkubwa alisubiri mteja aondoke. Akakaa kwenye kigoda, akanitazama.

"Ilijaa?"

Nikalisukuma daftari chini ya meza.

"Ilijaa nini, mwanangu? Kilichojaa ni hilo daftari."

"Mama Mkubwa, nilitaka kila kitu kiwe sawa. Nikikukosesha hata kitu kimoja huko njiani..."

"Nimekaa kwenye ile bodi miaka tisa," akasema. "Mtu ananiambia nipe Tabora. Sikumwambia ngoja kwanza nijue kama Tabora wameamka, kama wamekunywa chai, kama mvua hainyeshi. Nilichomeka waya, nikaita. Ikiitika imeitika. Isipoitika naita tena. Wewe mwaka wa pili umeshika waya mkononi, unaufuta vumbi." Akainuka. "Na Mwajuma si cherehani. Hakai mahali akakusubiri."

Kwa hilo la mwisho niliona papo hapo: kama atafika Tabora aambiwe Mwajuma alifariki mwaka jana, au mwezi uliopita, basi aliyemkosesha ni mimi.

Akakata tiketi mwenyewe. Alimpa simu binti wa jirani, wakamaliza wakati chai haijachemka. Nilimlilia achukue daftari, kurasa arobaini, akalipima uzito kwa mkono akanirudishia. Nikamwomba basi jambo moja tu, lililokuwa ukurasa wa kumi na moja: kila mji apime presha, hospitali, dirisha la wazee, asubuhi.

"Hilo nakukubalia," akasema, "ili unyamaze."

Akaondoka Jumatatu na begi moja la mkononi. Nilimsindikiza mpaka stesheni Dar nikarudi Bagamoyo. Kabla sijafungua duka simu ikaita.

"Niko Morogoro."

"Tayari?"

"Chai haijapoa kwenye chupa. Milima yao iko juu ya mji kabisa, kama imekuja kuomba kitu. Kwaheri."

Usiku ule hakupiga. Asubuhi nikampigia mimi, nimeshika ukurasa wenye orodha ya nyumba za wageni.

"Shikamoo Mama Mkubwa. Umelala wapi?"

"Marahaba. Kwa mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu wa benchi."

"Benchi gani, Mama Mkubwa?"

"Si ulisema nipime presha? Nimekwenda dirisha la wazee, nimekaa benchi na mama mmoja mwalimu mstaafu, tumeongea, kaninyang'anya begi, kasema mgeni halali gesti. Presha yangu nzuri. Yako je?"

Mwanangu, mimi kwa karibu miaka miwili nilikuwa namtafuta Mwajuma kwenye kioo cha simu. Haikunipitia akilini kwamba wazee wa mji mzima wanakutana kila siku mahali pamoja, wamekaa, hawana haraka, na kila mmoja anamjua mwenzake alikuwa akifanya kazi gani ujanani. Mama Mkubwa aliligundua hilo kabla hajavuliwa kile kitambaa cha presha mkononi.

Dodoma akakaa siku mbili. Siku ya pili kwenye benchi la dirisha la wazee akakutana na babu mmoja aliyewahi kufanya kazi ya simu. Mama Mkubwa alinipigia akicheka, akasema huyu mtu ni "Dodoma" mwenyewe, wamewahi kugombana kwa waya, na ugomvi wameumalizia leo kwa zabibu. Kisha sauti ikashuka.

"Anamjua Mwajuma. Anasema yuko Tabora, au alikuwako. Mwaka huu alisikia kuna msiba nyumbani kwake. Hajui ni wa nani."

Halafu akasema, "Naendelea na safari. Treni ya zamani inaondoka jioni."

Siku iliyofuata simu yake haikupatikana mchana kutwa. Nilifungua cherehani ya mteja, nikaitandaza vipande vyote mezani, na kwa mara ya kwanza tangu nikiwa na miaka kumi na minne sikukumbuka kipi kinaanza. Nilihesabu miezi badala ya skrubu. Mwaka huu. Msiba wa mwaka huu. Kama tungekwenda mwaka ule alioniomba, hakuna msiba wowote uliokuwa umetokea. Niliingia msikitini adhuhuri nikasali, lakini mwanangu, nakuungamia, sikuwa naomba, nilikuwa najitetea.

Kesho yake, saa nne asubuhi, simu ikaita. Nyuma yake kulikuwa na kelele za watu wengi.

"Mama Mkubwa! Uko wapi?"

"Hospitali."

"Unaumwa?"

"Naumwa nini? Nimekuja kupima presha, si uliniamuru. Nyamaza nikusimulie. Nimefika dirishani, nesi kaniuliza natoka wapi. Nikamjibu, Bagamoyo. Sijui kwa nini nimelisema kwa sauti ile ya kazini, labda kwa sababu watu walikuwa wengi. Sasa huko mwisho wa benchi, kuna mtu amefungwa bandeji gotini, hata hajageuka, kajibu..."

Nikasikia simu inahama mkono. Halafu sauti nyingine ikaingia kwenye simu, sauti ya mtu mzima, nzito, yenye kicheko ndani yake.

"Bagamoyo, nakupata."

Nilikaa chini, kwenye sakafu ya duka, katikati ya vipande vya cherehani.

"Shikamoo Bibi," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiye yule wa kurasa arobaini?"

"Ndiye mimi."

"Hee! Nilidhani nitasikia sauti ya bwana mkubwa, kumbe katoto. Haya, mama yako analia hapa, wauguzi wanadhani presha imepanda. Tumewafukuza watu benchi zima." Wakacheka wote wawili, na nikasikia benchi zima linacheka nao. Walikuwa hawajaonana maisha yao yote, na walikuwa wanakatizana maneno kama watu waliolala chumba kimoja.

Kisha Bi Mwajuma akasema, taratibu zaidi, "Mume wangu angefurahi. Miaka yote alikuwa akiniuliza, huyo Bagamoyo wako tutamwona lini? Ametutoka, ni mwezi wa saba huu."

Nilimpa pole. Alinishukuru vizuri, bila lawama yoyote, maana hakujua. Lakini mimi nilijua. Miezi saba iliyopita nilikuwa nanakili daftari mara ya tatu kwa sababu wino mwekundu ulivuja.

Mama Mkubwa alikaa Tabora wiki tatu. Tiketi ya kurudi ilikuwa ya siku tano tu baada ya kufika. Aliibadilisha bila kuniuliza. Aliporudi alikuwa na dumu la asali, miguu imevimba kidogo, na uso ambao sijawahi kuuona kwake, uso wa mtu aliyeshinda. Alipita mtaa mzima akigawa asali kwa kijiko, akisimulia. Miguu ilipopoa alilichukua lile daftari langu, akafungua ukurasa wa kumi na moja, akaukata vizuri kwa mkasi wangu, akaubandika ukutani juu ya meza yangu ya kazi. Mstari mmoja tu: pima presha, dirisha la wazee. Akasema, "Kurasa arobaini, na ulionifaa ni mstari huu. Ungenipa huu siku ya kwanza ningekwenda nao." Kurasa zilizobaki alifungia karanga.

Nilimweleza yote, mwanangu, hata habari ya ile miezi saba. Hakunifariji kwa uongo. Alisema, "Ndiyo, tungemkuta." Halafu akasema, "Sasa unajua," akaniwekea asali kwenye mkate.

Basi nasaha yangu ndiyo hiyo, na si ya kwangu, ni yake. Sikwambii ufanye mambo ovyo. Presha ipimwe, barua isomwe. Lakini isome mara mbili, uipeleke. Neno ambalo halijakaa sawa utalirekebisha kwenye barua ya pili, na nafasi ikishapewa mtu mwingine hakuna kalamu ya kuirekebisha. Na ukiogopa, sema naogopa. Nilipodanganya kwamba treni imejaa nilijifungia nje mwenyewe, maana hakuna mtu angeweza kunisaidia na treni iliyojaa. Lakini ningesema naogopa, Mama Mkubwa angenicheka dakika mbili na tungekwenda wote.

Mungu akufungulie njia, mwanangu. Akukutanishe na watu wema kwenye kila benchi utakalokalia, akupe wa kukuitikia unapoita, na akuweke hai mpaka uwe bibi msumbufu mwenye begi moja la mkononi.

Mimi siku hizi cherehani ikishashona, namwita mwenyewe aje aichukue. Leo ziko mbili hapa dukani, na zote zimeletwa asubuhi hii.