Gari la Sista na Mlima wa Kisarawe

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika spana. Fundi Mkuu wa karakana yetu ya Kibaha, mzee wa kutoka Mbeya asiyependa maneno mengi, alinikabidhi bisibisi ndefu na kuniamuru niweke ncha yake juu ya nozeli, mpini niuweke sikioni.

"Unasikia nini?"

"Nasikia injini, mzee."

"Injini hata muuza karanga kule barabarani anaisikia. Rudia."

Nilirudia mpaka shingo ikauma. Nozeli, kwa wasioijua, ni kidude kinachopuliza mafuta kwenye injini kidogo kidogo, na ikiwa nzima hugonga tik-tik bila kukosea. Ikianza kuziba, mlio wake hufifia. Mimi siku ile niliona naonewa tu, na nilipokwenda kunywa chai nilikuwa nimeshaamua kutorudi kesho yake. Nilirudi kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda.

Kibaha ndiko nilikojifunza kuua silinda. Injini ikitetemeka, unaiacha ingurume, unachomoa waya wa nozeli moja, unasikiliza. Mlio ukibadilika, silinda ile ni nzima, umeiua wewe. Usipobadilika, basi ilikuwa imekufa kabla hujafika, na mgonjwa wako ndiye huyo. Tulifanya kazi hivyo miaka mingi na hatukumdanganya mteja.

Kisha nikahamishiwa Ruvu, kwenye pampu kubwa za maji zinazoendeshwa kwa dizeli. Mhandisi wa pale alikuwa mtu wa hasira, lakini kazi aliijua. "Mkimaliza kubishana," alikuwa akisema, "tazameni moshi." Mweusi, mafuta yamezidi. Mweupe, mafuta yanatoka bila kuungua. Nilipata ujuzi mwingi Ruvu, na nusu ya masikio yangu niliiacha kulekule kwa kelele za zile pampu. Hakuna aliyenipa pole, na mke wangu alinilalamikia mpaka alipofariki kwamba nyumbani nazungumza kama niko mnadani.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa tawi la Kisarawe, na huko ndiko nilikokutana na magari ya haibridi. Haibridi ina injini ya petroli na mota ya umeme, vyote viwili vinalisukuma gari, na nyuma ya kiti cha abiria kuna betri kubwa. Mara ya kwanza niliposimama mbele ya moja, injini ilijizima yenyewe wakati nikiisikiliza. Nikachomoa waya wa nozeli ilipowaka tena, mlio haukubadilika. Nikachomoa wa pili, vilevile.

Meneja wa tawi, kijana mwenye adabu, alikuja akasimama pembeni yangu. "Shikamoo mzee. Hapo hutasikia kitu. Silinda ikifa, mota inaibeba."

"Marahaba. Sasa ugonjwa nitaujuaje?"

"Tutapima kwa mashine. Ila hii yetu inasoma injini tu. Upande wa betri haiingii."

Nilijifunza mashine, kwa shingo upande. Lakini nasema wazi kwamba siku ile nilijiona nimezeeka.

Mteja wangu wa haibridi aliyenikaa moyoni ni Sista Rehema, muuguzi wa zahanati moja upande wa Msimbu. Gari lilikuwa lake mwenyewe, alilinunua limetumika Japani. Mjamzito akizidiwa na usafiri mwingine ukachelewa, Sista ndiye aliyempandisha hospitali Kisarawe. Kule kijijini watu hawakuwa na tegemeo jingine, na gari lenyewe lilikuwa limeanza kukata nguvu mlimani.

"Si kila siku, fundi," aliniambia. "Siku nyingine linapanda vizuri tu. Siku nyingine linalegea, taa nyekundu inawaka, linasimama. Likipumzika linaondoka."

"Likilegea huwa umebeba nini?"

"Abiria tu."

Nikapima. Mashine ikasema injini inapata mafuta pungufu, na kweli, nilipozifungua nozeli zilikuwa na utando. Kule mafuta yanauzwa kwenye chupa za maji kando ya njia, na Mungu ndiye ajuaye yamechanganywa na nini. Nilizisafisha, nikabadilisha chujio, nikalipandisha gari mlimani mimi mwenyewe. Lilipanda bila kinyongo. Nikampa ufunguo na kumwambia limepona.

Haukupita muda mrefu nikapigiwa simu. Gari lilikuwa limesimama mlimani na mama mwenye uchungu kiti cha nyuma. Alijifungulia palepale barabarani, wenzake wamemsitiri kwa kanga. Mama alipona. Mtoto hakulia.

Nilimwambia Sista alilete gari lilivyo, asiguse kitu. Akasema ameshaliosha. Basi nikapanda bodaboda mimi mwenyewe kwenda Msimbu. Gari lilikuwa uani mwa zahanati, linang'aa, viti vitupu kama lilivyokuwa likija karakana siku zote. Hapo ndipo nilipojiuliza kwa nini gari linalopita vumbi lile huletwa kwangu safi kiasi hicho.

"Mwanangu," nikamwambia, "lipange kama lilivyokuwa siku ile."

Alisita. "Fundi, gari lililobeba uzazi haliletwi mbele ya wanaume hivihivi. Ni siri za watu zile."

"Najua. Mimi ni baba yako. Lipange."

Akafunga geti la ua. Akatoa nailoni, kanga mbili, na godoro la sponji. Alinieleza kwamba kila familia huja na matandiko yake; wengine kanga tupu, wengine godoro, kwa kumwonea huruma mgonjwa. Lile lilikuwa la familia ya yule mama, na hakuna aliyepata moyo wa kuja kulichukua. Alilitandika, akalikunja ukingo ubavuni mwa kiti ili kichwa cha mgonjwa kisigonge mlango. Pale ubavuni pana tundu lenye wavu. Feni ya betri huvuta hewa kupitia hapo ili betri ipoe. Tundu likapotea kabisa chini ya godoro.

Tulilipandisha gari mlimani likiwa hivyo. Lilianza kulegea, taa nyekundu ikawaka, likasimama. Nikavuta godoro, tukangoja, likaondoka. Tukageuza kurudi zahanati. Sista alikuwa akilia kimyakimya huku ameshika usukani, na mimi nilitamani nozeli ndiyo ingekuwa mbovu.

Tulimkuta Bi Mwanahawa amekaa kizingitini. Ndiye bibi wa yule mtoto, mama mkwe wa mzazi, na alikuwa amekuja kufuata godoro lake. Tulimwamkia. Akaliona mikononi mwangu, akaniona na mimi na ovaroli langu.

"Fundi," akauliza taratibu, "gari lilikuwa na nini? Watu wanasema ni mzigo. Nililitandika mimi kwa mikono yangu, nikasema mwanangu asiumie. Ni hili godoro?"

Sista aligeukia ukutani.

"Hapana, mama," nikasema. "Ni nozeli. Ni yale mafuta ya chupa."

"Kweli?"

"Kweli. Godoro haliwezi kusimamisha gari."

Alimshukuru Mungu, akajitwisha godoro lake, akaondoka. Nilimwonyesha Sista lile tundu tena na kumsihi lisizibwe hata kwa leso. Tangu siku ile gari halikusimama tena.

Sasa nimestaafu, nalima mihogo kijijini Janga, na vijana wananipigia simu kuuliza habari za haibridi. Nawaambia waanze na betri na hewa yake, wasikimbilie mafuta. Lakini Msimbu, anavyoniambia Sista, Bi Mwanahawa hulisogelea kila gari linaloegeshwa karibu na kwake, hata la mgeni, akamsihi dereva asinunue mafuta ya chupa. Anamwambia yalimuua mjukuu wake, na kwamba aliyemweleza hivyo ni fundi wa Kisarawe, mtu mkweli.